Kwa mdogo wangu anayelala Malindi na kufanya kazi Mombasa

Mdogo wangu,

Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120. Njia ikiwa nyeupe ni saa mbili na kitu. Foleni ya Mtwapa ikikaza, tatu. Kwenda na kurudi weka saa tano kwa siku, yaani 25 kwa wiki. Mwajiri wako hakupunguzii hata dakika moja. Saa hizo zote anakatwa wifi yangu.

Ukitoka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi baada ya isha, mtoto akishikwa na homa nani anampeleka hospitali? Fundi wa bomba anamsubiri nani? Kisha Jumamosi unalala hadi adhuhuri. Ugomvi huanzia hapo: wewe unahesabu uchovu wa barabara, yeye anahesabu kazi alizozibeba peke yake, na nyote mna haki.

Mtafiti wa Sweden, Erika Sandow, alichambua takwimu za watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2011 alieleza kuwa wanaosafiri mbali kwenda kazini wana hatari ya kutengana iliyo juu kwa asilimia 40, na miaka ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Nanyi ndio kwanza mnaanza.

Piga simu moja ya lazima, ukivuka daraja la Kilifi. Hapo wifi anajua imebaki kama saa moja, anabandika mchuzi. Usipige ukiwa Mtwapa, foleni ile haina ahadi. Na ubebe pawabenki: usiku makondakta wakikosa abiria wa kutosha huwashusha waliobaki Kilifi na kuwahamishia gari jingine, na simu iliyozimika huzaa dhana.

Kisha kaeni na daftari. Nauli mara mbili, mara siku 22, ongeza chai ya stendi. Linganisheni na kodi ya chumba Kisauni, ulale huko Jumatatu na Jumatano tu. Kuhamia Kilifi kunapunguza njia kwa nusu, lakini muulize yeye kwanza. Kazi yake iko Malindi, msije mkawa wasafiri wawili.

Ramadhani nayo ipange mapema. Ili ufuturu nyumbani, matatu iwe imeshaondoka Mombasa saa tisa na nusu. Omba zamu ya asubuhi sasa, kwa maandishi, kabla wenzako hawajaiwahi.

Dadako