Barua ya Malalamiko: Mama Yangu Si "Abiria Ambaye Hakutokea"

Unguja, Zanzibar
2 Mei 2025

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: KUACHWA NA NDEGE KWA ABIRIA WA KITI CHA MAGURUDUMU, NA BEGI LILILOFIKA LIMEVUNJIKA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baruapepe yenu ya tarehe 24 Aprili ilikuwa na mistari mitatu, na huo wa pili ndio ulionirudisha mezani kuandika: kwamba abiria wawili "hawakutokea" getini, hivyo tiketi zao zikafutika. Abiria mmoja ni mimi. Wa pili ni mama yangu, ana miaka 71 na magoti hayamruhusu kwenda hatua thelathini bila kukaa. Hilo mlilijua tangu Februari, siku niliyokata tiketi na kuomba kiti cha magurudumu. Jibu lenu la kukubali ninalo, nimeliambatisha.

Kwenda hatukuwa na neno. Tulitoka hapa tarehe 6 Aprili, kiti kikawapo kila tulipokihitaji, na Muscat kijana wenu alimsukuma mama hadi mlango wa nje, kwa mdogo wake. Mama mdogo aliondoka Unguja na mumewe mwaka 1974, miaka ile wengi wenye asili ya Oman walipokuwa wakirejea huko baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka. Mara ya mwisho walionana mwaka 1998. Sitaeleza walivyokutana, si shughuli yenu.

Zilikuwa siku 12 ambazo nyumbani kwetu bado zinasimuliwa. Kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, mbele ya lile zulia la tani 21, mama aliuliza swali moja tu: nani analifagia? Ijumaa tulidamka kwenda Nizwa kwenye mnada wa mbuzi, wenye mbuzi wanawazungusha duarani na wanunuzi wamekaa pembeni wakiwapapasa mgongo wanapopita. Mama alikosoa bei kwa Kiswahili, kwa sauti, akidhani hakuna anayemwelewa, na mzee aliyekaa kando yake akamjibu kwa Kiswahili safi cha Unguja kwamba mbuzi ni ghali kila mahali, bibi. Kesho yake tulipanda Jebel Akhdar. Ulikuwa msimu wa mawaridi, na huko juu bado wapo wanaoyapika kwenye majiko ya udongo na kukinga maji yake tone kwa tone. Mama mdogo akamnunulia dada yake chupa mbili za marashi hayo. Zikumbukeni chupa hizo, nitazirudia.

Sasa nije kwenye safari ya kurudi, usiku wa Ijumaa, tarehe 18 Aprili, kwenye uwanja tunaobadilishia ndege. Tuliteremka saa 3 usiku. Ndege ya Zanzibar ilikuwa iondoke saa 7 na dakika 10. Mhudumu alimsukuma mama hadi karibu na chumba cha sala, akamhamishia kwenye benchi, akasema kiti kinahitajika kwa mtu mwingine na kwamba angerudi saa 6 kamili. Aliondoka nacho.

Saa 6 na robo hajaja. Nilikwenda kaunta ya msaada, nikaambiwa nikae, yuko njiani. Saa 6 na dakika 35 nilirudi tena, dada wa kaunta akazungumza kwenye simu ya upepo na kuniinulia kidole gumba. Hakuna aliyeniambia kwamba geti lilikuwa limebadilishwa na kupelekwa mwisho kabisa wa jengo. Nililiona mwenyewe kwenye skrini, kwa bahati.

Basi nilifanya nililoweza. Nilichukua toroli la mizigo, nikaweka begi la mkononi chini, nikampandisha mama juu yake. Alikaa upande, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja ili lisinase kwenye magurudumu, mkono wa pili ameshika chuma. Watu walitupisha, wengine walicheka, mmoja alitoa simu akatupiga picha. Mama hakusema kitu mpaka tulipopita duka la manukato, ndipo akaniuliza, "Mwanangu, na mimi utanipima kilo?"

Tulifika saa 6 na dakika 58. Mlango ulishafungwa. Ndege tuliiona kwenye kioo, bado imeegemea daraja lake. Ofisa wenu alimtazama mama juu ya toroli, akaniuliza kama hatukusikia tangazo.

Ndugu Meneja, mtu aliyeachwa kwenye benchi na watu wenu, asiyeweza kutembea, akaambiwa na kaunta yenu asubiri, hajakosa kutokea. Yeye alikuwepo. Aliyekosa kutokea ni mhudumu wenu, na hilo mnaweza kulithibitisha kwenye kamera zenu kabla hamjaniandikia mistari mingine mitatu.

Kwa kuwa mlishaandika "hawakutokea", mlituambia hatustahili hoteli wala chakula, na mkatutoza dola 150 kila mmoja kubadilisha tiketi. Tulikaa pale karibu saa 22. Miguu ya mama ilivimba hadi viatu vikamkataa. Dawa zake za presha nilikuwa nazo mkononi, namshukuru Mungu. Ndege mliyotupa ilitushusha Dar es Salaam alfajiri ya Jumapili, na kutoka hapo mkasema tujitegemee. Tulipanda boti ya asubuhi na nauli nikailipa mimi. Aprili ni masika, wanaoijua bahari ile hawahitaji maelezo. Mama alitapika njia nzima.

Begi kubwa lilitufuata Jumanne tarehe 29, siku tisa baada yetu. Kitasa kimevunjwa, gurudumu moja halipo, na chupa zote mbili za marashi zimepasuka ndani ya kanga zilizozifunga. Picha nimeambatisha.

Tanzania na Oman zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999. Mkataba huo unampa abiria siku 7 tangu kupokea begi kulalamikia uharibifu, na siku 21 kulalamikia kuchelewa kwake. Leo ni siku ya tatu. Ukomo wa fidia ya mizigo, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), na ninachodai hakifiki huko: begi na vilivyoharibika, dola 300 za kubadilisha tiketi, na nauli ya boti ya watu wawili. Risiti zote zipo. Msiponijibu ndani ya siku 14, shauri hili nitalipeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Neno "hawakutokea" nataka lifutwe kwenye kumbukumbu zenu. Nataka pia barua ya kumwomba radhi mama, kwa jina lake, kwa Kiswahili. Usiku ule wote nilikuwa nikimtafsiria maneno ya watu wenu, na mengine nilimficha. Radhi yenu sitaitafsiri.

Kanga bado hazijafuliwa, mama amekataa. Begi nalo lipo ukumbini. Mkimtuma mtu kulikagua, mwambieni akishaingia mlangoni afuate harufu.

Wenu,
Abiria wa viti 14C na 14D