Tunahesabu neno, si kitu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vineno viwili vya Kiingereza, "a" na "an", vinavyotutoa jasho kuanzia kwenye vibao vya maduka hadi kwenye barua za kuomba kazi.

Darasani kanuni hutolewa kwa mkato: kitu kikihesabika weka "a", kisipohesabika usiweke. Kinachopotosha hapo ni hilo neno "kitu". Noti zinahesabika, tena kwa mashine, lakini "a money" hakuna. Mchele na maharage vyote ni punje na vyote hupimwa kwa kilo pale Kariakoo, ila Kiingereza kinakubali "a bean" na kinakataa "a rice". Kinachohesabika au kutohesabika ni neno la Kiingereza lenyewe.

Kiswahili hakina vineno hivi, na kinaruhusu kuhesabu mengi ambayo Kiingereza hakihesabu. Mikate miwili, sabuni tatu, mizigo minne, habari mbili: kwetu yote ni sawa. Anayetafsiri neno kwa neno hupata "two breads", "a luggage" na "a news". Ndiyo maana mafundi samani huandika "furnitures" kibaoni na orodha za zabuni hujaa "equipments". Maneno ya kukariri mapema ni "information", "advice", "furniture", "luggage", "equipment", "news", "homework" na "evidence". Hayatanguliwi na "a", wala hayaongezwi "s" ya wingi. Hiyo "s" ya "news" isikudanganye. Husemwa "the news is", si "are".

Kazi na safari zinahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu neno letu moja lina wenzake wawili kule. "I am looking for a work" ni kosa. Sema "a job", au "work" bila kitu mbele. Vivyo hivyo "a trip" inahesabika, "travel" haihesabiki.

Ukilazimika kuhesabu, tumia kipimo: "a loaf of bread", "a bar of soap", "a piece of advice". "A" hukaa kwenye kipimo, na wingi pia: "three bars of soap", si "three bar of soaps". Lakini "piece" isigeuzwe kiraka cha kila tundu. Maji ni "a glass of water".

Yapo maneno yenye sura mbili, na hapa kosa hubadili maana kabisa. "I ate chicken" ni nyama ya kuku, kama kwenye chipsi kuku. "I ate a chicken" ni kwamba umemaliza kuku mzima. "She has long hair" ni sifa, ila "She has a long hair" inampa dada wa watu unywele mmoja. Kamusi za wanaojifunza Kiingereza huweka herufi C kwa neno linalohesabika na U kwa lisilohesabika, na mara nyingi neno moja lina zote mbili, kila moja na maana yake. Wengi hupita herufi hizo bila kuzitazama, wakati jibu liko hapo hapo.

Atakayeuliza mbona "a good education" na "a good knowledge of computers" ni sahihi, ana haki. Baadhi ya maneno yasiyohesabika hupokea "a" yakielezwa ni ya aina gani. "Advice" na "information" hazimo: "a good advice" inabaki kosa.

Baada ya kuamua kwamba "a" inahitajika ndipo uchague kati ya "a" na "an", na hapo sikio ndilo linaloamua, si herufi. "An hour", kwa sababu "h" haisikiki. "A university", kwa sababu mwanzo husikika "yu". Vifupisho hufuata utaratibu huo huo: "an NGO", kwa kuwa tunasoma "en", lakini "a NECTA certificate", kwa kuwa tunasoma "nekta". Na linaloangaliwa ni neno linalofuata mara moja, hata kama si nomino: "an hour", lakini "a full hour".

Mwalimu wa Kiingereza,
Temeke, Dar es Salaam