Chokaa, si saruji, kwa maghala ya kale ya bandarini

Mhariri,

Jengo la zamani kando ya Barabara ya Sokoine, hapa Dar es Salaam, likitangaziwa ukarabati, BOQ (orodha ya kazi na vipimo vya zabuni) huanza kwa maneno yaleyale: bandua plasta iliyochakaa, piga mpya ya saruji, paka rangi ya plastiki. Kwa ukuta wa bloku, hilo halina neno. Kwa ghala au jengo la forodha la mawe ya matumbawe, ni kulipia ubovu utakaojitokeza baada ya masika mawili matatu, mkandarasi keshalipwa na keshaondoka.

Kuta hizi zina unene wa nusu mita au zaidi, mawe yakiwa yameshikwa kwa chokaa na mchanga, pengine pamoja na udongo mwekundu. Chini hazina tabaka la kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, na hapo ufukweni hupanda na chumvi. Plasta ya chokaa huyaachia yatoke. Saruji huyafungia ndani. Yakikosa pa kutokea yanazidi kupanda, na chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Gonga kwa mpini wa nyundo: palipoachana na ukuta panalia kama debe tupu. Bandua hapo, utashika mkononi kipande cha saruji kigumu, kizima kabisa, huku chokaa iliyokuwa ikishika mawe nyuma yake inamwagika kama unga ukiigusa kwa kidole. Ndiyo maana anayekagua kwa macho tu, tena kwa nje, huandika kwamba jengo liko salama.

Maghala yana balaa la ziada, na linatokana na historia yake. Gati tatu za kwanza za kina kirefu zilikamilika mwaka 1956. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuletwa pwani. Kwa hiyo forodha na maghala vilibanana mbele ya mji, karibu kabisa na maji. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilizidisha shehena. Mahali palipolundikwa ngozi zilizotiwa chumvi, chumvi imeingia ukutani hadi usawa wa lundo, si ile ya ardhini peke yake. Palipowekwa mbata, sakafu imekunywa mafuta na chokaa mpya haishiki mpaka tabaka hilo likwanguliwe.

Ukuta wa namna hiyo hauoshwi. Maji yanayeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Piga brashi kavu, zoa unga wote uutupe mbali, kisha paka plasta dhaifu ya chokaa, sehemu 1 kwa mchanga 4, uiache miezi kadhaa inyonye chumvi. Halafu ibandue, nayo uitupe. Wenye fedha huita hiyo hasara, lakini kuruka hatua hiyo ndiko kunakofanya kazi irudiwe.

Plasta ya kudumu ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa mtoni, wenye chenga, uliooshwa. Wa ufukweni una chumvi tayari. Chokaa iliyochomwa tanuuni na kuzimwa ikae chini ya maji miezi mitatu. Ya mifuko ya dukani inafaa pia, ila iloweke pipani wiki mbili. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hivi, na la pili lisubiri la kwanza likaze. Funika kwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa ukaa, na jua la kaskazi likiikausha haraka inapasuka na kubaki unga. Malizia kwa chokaa ya maji, mikono minne au mitano myepesi. Fundi akisema atie saruji kidogo ili iwahi kushika, mkatalie. Penye unyevu mwingi tumia unga wa tofali za kuchoma. Huo huisaidia chokaa kukaza hata ikiwa na maji.

Juu, tazama ncha za boriti. Boriti za mikoko ndizo zilizopanga upana wa vyumba vya pwani, maana hazivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi. Zinaoza kwanza kwenye ncha iliyozama ukutani. Katikati mara nyingi ni nzima. Kata ncha, egemeza boriti kwenye ubao wa mvule, na uache nafasi ya hewa. Penye mihimili ya chuma, kutu huvimba na kuinua mawe, kwa hiyo ufa wa mlalo usizibwe kabla ya kufunua chuma.

Sheria nayo haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, ni la 1866 na 1867, hivyo limekosa ulinzi huo wa moja kwa moja kwa miaka michache tu. Jengo la baada ya hapo hulindwa Waziri akilitangaza. Ajabu ni kwamba mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki unalindwa, na ukuta unaoubeba haulindwi.

Kwa hiyo, kwa majengo mengi, ulinzi uliopo ni karatasi ya zabuni. Anayeiandaa aandike chokaa kwa vipimo, apige marufuku saruji na rangi ya plastiki, na adai sampuli ya mita moja ya mraba, ipite masika nzima kabla ukuta wote haujaguswa.

Mwashi na msanifu wa majengo ya kale,
Ilala, Dar es Salaam