Anayevuja maji bila uchungu ni mgonjwa, msimrudishe nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo linalonikereketa kila ninapomwona mjamzito pale sokoni kwetu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Wengi wetu tumefundishwa kwamba safari ya hospitali inaanza na uchungu au damu. Maji ya uzazi yanayovuja kabla ya wakati hayatajwi sana. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba ya miezi saba anaamka kanga imelowa, anajisikiliza tumbo, haliumi, anatandika kitanda na kwenda kufungua kibanda chake kama kawaida. Tunapoteza watoto kwa namna hiyo.

Mimi ni muuza mitumba, na mimba zangu zote zimekuwa za wasiwasi. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti baada ya chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, kupasuka mapema, hakuishi. Mwanamke aliyewahi kupatwa na hali hiyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa tena, kama ilivyo kwa mwenye mapacha, aliyetokwa damu katikati ya mimba, au mwenye maambukizi ya njia ya uzazi. Historia yangu ilikuwa imeandikwa katika kitabu changu cha kliniki. Na bado, maji yalipoanza kuvuja nikiwa katika wiki ya 30 ya mimba ya binti yangu, kituo cha afya cha kwanza nilichokimbilia kiliniambia ni mkojo, mtoto amebana kibofu, nirudi nyumbani nikapumzike, uchungu ukianza ndipo nije. Kitabu hakikufunguliwa. Sikupimwa chochote.

Mkojo mtu anaweza kuubana. Maji haya hayabaniki. Yanatoka ukiinuka, ukikohoa, ukicheka, wala hayana harufu ya mkojo. Kuna yanayomwagika yakalowesha godoro lote, na kuna yanayodondoka kidogo kidogo kutwa nzima, na haya ya kidogo kidogo ndiyo yanayodanganya watu. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Hakubishana na yeyote, alitafuta gari tukaenda moja kwa moja hospitali ya rufaa.

Huko alinipokea musawo mmoja, mkunga wa makamo. Alinilaza, akafungua kifaa kilichochemshwa, akaangalia ndani kwa tochi, akasema, "Kohoa, mama." Nikakohoa. "Tena." Akaona maji yakishuka. Akagusisha kikaratasi cha njano kwenye yale maji, kikageuka buluu. "Huu si mkojo. Chupa imepasuka. Hutoki hapa." Hakunipima kwa vidole, akanieleza sababu: kama uchungu haujaanza, vidole vinasukuma vijidudu juu kwa mtoto. Kazi yote hiyo ni ya muda wa kunywa kikombe cha chai, na inaweza kuokoa watu wawili.

Nikachomwa deksamethasoni, sindano nne, moja kila baada ya saa 12, za kukomaza mapafu ya mtoto. Nikapewa erithromaisini ya kumeza kila baada ya saa sita kwa siku 10, ya kuzuia maambukizi. Baada ya hapo ikabaki kungoja, na hapa ndipo nataka wasomaji wanielewe vizuri, kwa sababu watu hawaamini kwamba kungoja ni matibabu. Kila siku mtoto anayokaa tumboni bila maambukizi, mapafu na ubongo wake vinazidi kukomaa. Lakini kungoja huko si kulala tu. Joto la mwili linapimwa, mapigo ya moyo yanahesabiwa, tumbo linaguswa kuona kama linauma, moyo wa mtoto unasikilizwa. Na kuna vitambaa. Dada yangu alichukua shuka nyeupe kutoka kwenye bidhaa zangu, akazikata vipande, akavichemsha, akavianika juani na kuvipiga pasi, niwe navivaa badala ya pedi. Weupe ule una maana yake. Asubuhi musawo alikuwa anakikunjua kitambaa karibu na dirisha, anatazama rangi, anakinusa. Maji yakiwa ya kijani, yakinuka, au homa ikipanda, daktari anaitwa papo hapo. Maambukizi yakithibitika mtoto anazalishwa hata kama wiki hazijatimia, kwa maana yanaweza kuua mama na mtoto pamoja.

Waliokuja kunitazama walisema mtoto atakauka. Si kweli kwamba maji yakishavuja yamekwisha. Sehemu kubwa ya maji yale ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na anaendelea kukojoa, kwa hiyo mengine yanatengenezwa huku mengine yanatoka. Mama mkwe wangu alifika kutoka kijijini na mumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba wanaopewa wajawazito, pamoja na majani ya kutia kwenye beseni nikalie. Musawo alimsalimia kwa heshima zote, akamwambia: "Mama, asante kwa kumhangaikia. Lakini mlango umefunguka. Chochote atakachokikalia kitapanda mpaka kwa mjukuu wako." Mama aliyafunga majani yake, akaomba sabuni, akaanza kufua vitambaa. Sijapata mtu aliyeniuguza vizuri kama yeye.

Shemeji yangu yeye aliuliza kwa nini nakalia kitanda wakati nakula na kuongea vizuri. Simlaumu, ndivyo wengi wanavyofikiri. Ila jirani yangu wa kitanda cha pili alichukuliwa na watu wake kwa fikra hizo hizo. Alirudishwa ana homa kali, na mtoto ameshafia tumboni.

Binti yangu alizaliwa wiki ya 34, mdogo sana, lakini alipumua mwenyewe. Tulimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, mimi na baba yake kwa zamu, mpaka akapata uzito. Sasa anakwenda shule ya chekechea.

Ndugu Mhariri, matibabu katika hospitali za serikali ni bure tangu 2001, nami sina ugomvi na hilo. Lakini anayengoja wodini anahitaji chakula cha kila siku, sabuni, dawa ya kununua nje pale stoo inapoishiwa, na mtu wa kumuuguza, ambaye analala kwenye mkeka chini ya kitanda na ana watoto wake aliowaacha nyumbani. Nimeona wanawake wakiomba waruhusiwe kuondoka huku maji bado yanatoka, si kwa ujinga, bali kwa sababu aliyekuwa anawapikia amekwisha nauli. Afisa wa afya wa wilaya akitaka kujua kwa nini wanatoroka wodi, aende mchana aulize nani amekula.

Kwa hiyo ninaomba haya. Katika mazungumzo ya asubuhi kliniki, maji yatajwe pamoja na damu na homa, na yatajwe kwa Kiswahili pia, maana Busia tunatoka kila upande. Kituo kisicho na kifaa cha kumpima mwanamke anayelalamika maji kimwandikie rufaa siku ile ile, kisimwambie arudi nyumbani angoje uchungu. Hospitali zitenge kibanda cha kupikia na mahali safi pa kuanika nguo kwa wanaolazwa muda mrefu.

Na vyama vyetu vya akina mama sokoni visingoje serikali. Chetu kilikuwa kinachangia msiba na harusi tu. Siku hizi mwenzetu akilazwa kungoja, tunachanga nauli na chakula cha anayemuuguza, na mmoja wetu anamsimamia kibanda. Wenzetu wa masoko ya Tororo, Mbale na Jinja, tafadhali lizungumzeni katika kikao chenu kijacho.

Muuza mitumba,
Busia, Uganda