Siku mbili kwa wiki, rafiki yangu

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale unaposema unafika kazini umeshachoka hata kazi hujaianza. Hapo pameniuma.

Nilikumbuka asubuhi ile uliyonipa lifti. Mguu wako haukutoka kwenye breki. Nilihesabu magari kumi mbele yetu, manane yana dereva peke yake. Nyuma yetu lilikuwapo basi limejaa pomoni, limekwama kwa sababu yetu. Basi la mita 12 hubeba watu wapatao 80, waliokaa na waliosimama. Hao 80 kila mmoja akija na gari lake, hata yapangwe pua kwa mkia, msururu unapita mita 300.

Mimi siku hizi gari naliacha nyumbani. Sikufichi, wiki ya kwanza ilinitoa jasho: nilikosa basi mara mbili, na siku moja mvua ilinikuta kwenye kituo kisicho na paa. Kisha mwili ukazoea. Sasa usukani anashika mwingine, nami nakaa dirishani nasoma kurasa zangu chache. Yupo mama mmoja hupanda vituo viwili baada yangu, amempakata mwanawe aliyelala. Mtoto huamka palepale basi linapokata kona ya mwisho, kila siku, kana kwamba ameambiwa. Vitu kama hivyo nilivipita miaka mingi bila kuviona.

Utasema mabasi hayana uhakika. Ni kweli, lakini mara nyingi kinacholichelewesha basi ni magari yetu. Kule Curitiba, Brazili, walianza kuyapa mabasi njia zao wenyewe mwaka 1974, na Bogotá, Kolombia, wakafuata mwaka 2000. Basi lenye njia yake haliguswi na foleni. Ila njia kama hizo hazipatikani bila abiria wa kuzidai, na wengi wetu ambao wakubwa wangetusikiliza tumejifungia garini, vioo juu. Basi likiharibika, hatujui. Ndiyo maana nakutaka uwemo humo ndani, wewe hasa, unayejua kuandika barua ya malalamiko ikajibiwa.

Sikwambii uuze gari. Siku ya kumpeleka mgonjwa au kubeba mizigo, endesha. Nakuomba Jumanne na Alhamisi tu. Usiku wa kuamkia siku hizo angalia ratiba, weka viatu vya kutembelea karibu na mlango, na nauli iwe tayari mfukoni usije ukahangaika mlangoni watu wakikusukuma.

Siku ya kwanza nitakuja kituo cha karibu na kwako, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tupande pamoja. Niandikie ni Jumanne ipi.

Wako akupendaye daima