Ripoti ya fiziotherapia itaje kilo na dakika

Ndugu Mhariri,

Mfanyakazi aliyeumia akikaribia kurudi kazini, ripoti nyingi za fiziotherapia hueleza kiwiko kinakunjika nyuzi ngapi na maumivu ni mangapi kati ya 10, kisha humalizia: "apewe kazi nyepesi". Msimamizi wa ghala aifanyie nini ripoti hiyo? Hajui kama mtu wake anyanyue kilo 5 au 20. Basi ama humrudisha kwenye mzigo uleule, ama humkalisha getini hadi mkataba uishe.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, mtaalamu aijue kazi yenyewe: uzito wa mzigo, kimo unapotoka na unapowekwa, umbali, marudio kwa saa. Mfuko wa saruji una kilo 50, na Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani (ILO) la 1967 linaweka kikomo cha kilo 55 kwa mwanamume mmoja mtu mzima. Mpakiaji wa saruji yuko karibu na kikomo hata akiwa mzima. Kumpima kwa dambeli ya kilo 3 ni kupoteza muda.

Vifaa si ghali: kreti la plastiki, mifuko ya mchanga iliyopimwa kwenye mizani, rafu moja ya kimo cha kiuno na nyingine ya bega, saa na mashine ya presha. Presha ikiwa 160/100 au zaidi, ahirisha. Anza na kilo 5 kutoka sakafuni hadi kiunoni, mara tano, kisha ongeza kilo 2.5 hadi 5. Simamisha anapoanza kuurusha mzigo au kujipinda upande, mapigo ya moyo yanapofika asilimia 85 ya 220 kutoa umri (mwenye miaka 40, mapigo 153 kwa dakika), au mwenyewe akisema basi. Na uandike ni kipi kilichosimamisha. Aliyeishia kilo 15 kwa kukosa pumzi anahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya kujenga stamina. Aliyeishia hapo kwa sababu ya bega huenda akahitaji kazi nyingine. Kesho yake mwite tena, kwa sababu goti lililovumilia jana linaweza kuamka limevimba.

Nguvu ya kushika hupimwa akiwa amekaa, kiwiko nyuzi 90, mara tatu kila mkono kwa kupokezana. Majibu yakipishana sana, wapo wanaokimbilia kuandika "anaigiza". Hilo ni kosa. Hofu ya maumivu, maelekezo ya harakaharaka au mpini wa kifaa cha kupimia uliowekwa mbali mno na vidole huleta majibu hayohayo. Rudia kipimo.

Waajiri nao wasichukue asilimia ya ulemavu inayotumika kukokotoa fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wakaifanya kipimo cha uwezo wa kazi. Fundi cherehani na mlinzi waliopoteza kidole kilekile wanaweza kupewa asilimia ileile, lakini mlinzi akarudi lindoni huku fundi akishindwa kuongoza kitambaa.

Sentensi inayomsaidia msimamizi ni ya namna hii: "Anyanyue hadi kilo 15 kutoka kimo cha kiuno, isizidi mara 10 kwa saa; asinyanyue kutoka sakafuni; asimame dakika 45 mfululizo, kisha akae 10; apimwe upya baada ya wiki 4."

Wataalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam