Barua ya wazi kwa Waziri: Gurudumu la mbele la kiti cha dada yangu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya watu wenye ulemavu,

Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Bado sijazoea kupita barazani kwetu bila kusikia cherehani. Siku ya hitma ya dada yangu, wageni wengi walinishika mkono wakaniambia, "Mshukuruni Mungu, amepumzika na mateso." Walisema kwa huruma nami nikawaitikia, lakini neno lile limenikaa kifuani. Mateso gani? Nimeishi naye zaidi ya miaka hamsini, mateso yake nayajua moja moja, na mengi hayakutoka miguuni.

Alizaliwa 1968. Polio ilimshika akiwa na miaka mitatu, na mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto ukaanza 1975, yeye akiwa ameshachelewa. Mama alikuwa akisimulia kwamba alimlaza mtoto anayetembea akaamka na mwingine. Shule ya msingi aliimaliza mgongoni kwa kaka yetu mkubwa. Kisha akajifunza kushona kwa cherehani ya mkono, maana ya kukanyaga haikumfaa: mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Mtaa mzima ukamwita Fundi, hata wadogo zake tukaacha kumwita jina lake. Januari, wazazi walipanga foleni kwa sare za shule, na marinda ya sketi zake yalikuwa hayalali hata yafuliwe mwaka mzima. Kaka yetu alipofariki, mwenye kuwasomesha watoto wake wawili alikuwa Fundi.

Mheshimiwa, yote hayo aliyafanya akiwa na baiskeli ya matairi matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Unaijua Tanga yetu: ardhi tambarare, baiskeli kila uchochoro, na kila baada ya hatua chache yupo fundi baiskeli chini ya mti. Mnyororo ukikatika asubuhi, adhuhuri Fundi alikuwa sokoni anachagua vitambaa. Tairi, spoki, gololi, vyote vilikuwa vya baiskeli ya kawaida, na fremu ikipasuka ilichomelewa hapo hapo. Aliiendesha miaka kumi na tisa.

Ndipo alipopewa kiti mwendo kipya. Palikuwa na hafla, picha zikapigwa, naye alifurahi kweli. Alivaa dera lake la Idi. Siku ile ile baiskeli yake akampa kijana wa mtaa wa jirani aliyekuwa akitambaa. Alisema mtu hakalii viti viwili.

Kiti kile kilitengenezwa kwa sakafu ya hospitali. Magurudumu yake ya mbele ni madogo, ya mpira mgumu, na kwenye mchanga yanazama. Masika yalipoingia, tope likaingia kwenye beringi, na kabla ya mwezi wa nne gurudumu la mbele la kushoto likagoma. Nilizunguka na ile beringi mfukoni Tanga nzima, nikaagiza na Dar es Salaam. Kipimo chake hakikupatikana. Waliokitoa hawakuacha kipuri wala namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Dada yangu alikaa ndani miezi saba. Wateja walimfuata wachache, wengi wakahamia kwingine. Tulimsihi aombe baiskeli yake angalau kwa siku za soko. Alikataa. "Yule sasa anakwenda shule," alisema, "nimrudishe chini?" Mwishowe fundi mmoja alichonga bushi ya mbao badala ya beringi. Ilidumu wiki sita, akachonga nyingine. Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka presha ilipomchukua. Simsingizii mtu kifo chake. Ninachodai ni ile miezi saba.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 20 inazungumzia mtu kwenda aendako, kwa vifaa bora na kwa gharama anayoimudu. Sheria yetu wenyewe ni ya 2010. Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka 2008 kwamba kiti kifae mwili wa mtu na mazingira yake, na kiweze kupatikana na kukarabatiwa hapo hapo nchini. Kiti cha dada yangu kilishindwa yote hayo, na bado kilihesabiwa kuwa msaada uliotolewa.

Ombi langu ni moja, Mheshimiwa. Kiti mwendo chochote kinachoingia, cha serikali au cha mfadhili, kisipokelewe bila vipuri na bila fundi anayejulikana katika halmashauri husika. Wataalamu tunao, chuo cha TATCOT pale Moshi kinawafundisha. Fedha za kuanzia zipo: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Wapewe vijana wenye ulemavu wafungue karakana za viti na baiskeli, na halmashauri iwe mteja wao wa kwanza. Usidhani wahitaji watapungua kwa sababu polio imerudi nyuma. Wodi zetu zinapokea vijana waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda, na nao watarudi kwenye mitaa yenye mchanga kama wetu.

Kiti cha Fundi kiko barazani hadi leo. Juzi alikuja mama mmoja kukiomba kwa ajili ya mwanawe. Nimemwambia ni chake, ila anipe siku chache, bushi imekwisha tena na fundi anachonga nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mdogo wake Fundi,
Ngamiani, Tanga